Manhattan au Washington: kesi yako iende mahakama ipi ya shirikisho?

Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu mawili kwenye balozi za Marekani yaliua watu 224: 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Kesi zilizotokana na asubuhi ile zilisikilizwa na mahakama mbili tofauti za Marekani. Walioshtakiwa kwa mauaji walipelekwa Manhattan, na waliodai fidia wakaenda Washington. Hata sasa, mtu wa Nairobi, Zanzibar au Lubumbashi akiuliza afungue wapi kesi yake Marekani, jina la kwanza analotajiwa ni New York, kwa kuwa ndilo lililosikika redioni. Mara nyingi ushauri huo unampoteza.

Msimamo wangu nautoa mapema. Ukiwa na dai dhidi ya serikali, ya Marekani au ya nchi nyingine, na wewe unaishi nje ya Marekani, anza kwa kuitazama Washington. Ukiwa na dai la mkataba, fedha, bima, meli au kampuni, itazame New York. Ukiwa mshtakiwa wa jinai huchagui kitu, unachaguliwa. Yanayofuata ni sababu zake, na baadhi ya sababu hizo zinaumiza.

Kwanza tuelewane kuhusu mahakama zenyewe. Zote mbili ni mahakama za mwanzo za shirikisho: jaji mmoja anasikiliza mashahidi, anapokea vielelezo, anaamua, au uamuzi unaachiwa juri, yaani jopo la raia wa kawaida. Nchi nzima zipo 94 za aina hii. Kwa uzito unaweza kuzilinganisha na Mahakama Kuu za kwetu. Juu yake kuna mahakama za rufaa za kanda, kisha Mahakama ya Juu. Pembeni zipo mahakama za majimbo, na huko ndiko kunakokwenda talaka, mirathi, ugomvi wa kodi ya nyumba na ajali nyingi za barabarani. Ukigombana na mwenye nyumba wako Bronx, uwezekano mkubwa ni kwamba hakuna kati ya hizi mbili inayokuhusu.

Zilikotoka

Mahakama ya Wilaya ya Kusini ya New York ilianza kufanya kazi kabla hata Mahakama ya Juu haijakaa kikao chake cha kwanza. Sheria ya Septemba 1789 iliunda wilaya 13, New York ikiwemo, na tarehe 3 Novemba mwaka huohuo Jaji James Duane, aliyekuwa meya wa mji ule, akafungua kikao katika jengo la Royal Exchange. Mahakama ya Juu ilikutana katika jengo hilohilo Februari 1790. Ndiyo maana wanasheria wa kule huiita Mahakama Mama. Aprili 1814 New York iligawanywa ikawa wilaya ya kaskazini na ya kusini, na mwaka 1865 Brooklyn na Long Island zikamegwa kutoka kusini zikawa Wilaya ya Mashariki.

Bandari ndiyo iliyoijenga mahakama hii. Meli zilizogongana, shehena zilizolowa, bima zilizokataa kulipa, baadaye benki na hisa za Wall Street: yote hayo yaliwafanya majaji wake wazoee hesabu ngumu na mikataba mirefu, na sifa hiyo ingalipo. Humo ndimo jaji mashuhuri Learned Hand alimokaa tangu 1909 hadi 1924 kabla ya kupanda rufaa. Mwaka 1966 Constance Baker Motley aliteuliwa hapo akawa mwanamke wa kwanza mweusi kuwa jaji wa shirikisho.

Jengo lake la zamani la Foley Square, lililokamilika 1936 kwa michoro ya Cass Gilbert, leo lina jina la Thurgood Marshall, aliyekuwa jaji wa rufaa mjini humo tangu 1961 hadi 1965. Mkenya anayo sababu ya kulisoma jina hilo kwa makini. Mwaka 1960 Marshall alikwenda London, kwenye mkutano wa Lancaster House, akiwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya, na akawaandalia rasimu ya tamko la haki za binadamu kwa ajili ya katiba.

Mahakama ya Washington ina historia iliyopinda zaidi. Mwaka 1801 Bunge la Marekani liliunda mahakama ya mji mkuu. Mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mahakama hiyo ilivunjwa, kwa kuwa utii wa baadhi ya majaji wake ulitiliwa shaka, na Rais Abraham Lincoln akateua majaji wanne wa mahakama mpya. Kwa kuwa mji ule haumo ndani ya jimbo lolote, mahakama hiyo moja ilibeba kila kitu: wizi wa mtaani, wosia, talaka, na pia kesi za serikali kuu. Ilibadilishwa jina mwaka 1936, na tena 1948 ilipopata jina ililonalo sasa. Badiliko kubwa lilikuja Februari 1971, pale kesi za mji zilipoanza kuhamishiwa mahakama nyingine ya huko Washington. Iliyobaki mikononi mwake ni kazi ya shirikisho, na kwa mji wenye wizara zote, hiyo ina maana ya kesi dhidi ya serikali. Miaka michache baadaye Jaji John Sirica, katika mahakama hiyohiyo, akamwamuru Rais Nixon atoe kanda za sauti za kashfa ya Watergate.

Manhattan ina nafasi za majaji 28, Washington 15. Idadi hiyo isikudanganye. Washington huamua mambo yanayogusa dunia nzima kwa sababu ya nani anashtakiwa pale, haidhuru eneo lake ni mji mmoja tu.

Mipaka

Eneo la Wilaya ya Kusini ni Manhattan, Bronx, na kaunti sita za kaskazini: Westchester, Rockland, Putnam, Orange, Dutchess na Sullivan. Brooklyn, Queens, Staten Island na Long Island zote ni Wilaya ya Mashariki. Uwanja wa ndege wa JFK uko Queens, kwa hiyo mtu akikamatwa pale na kushtakiwa, kwa kawaida atasimama Brooklyn. Habari nyingi za Kiswahili husema tu "mahakama ya New York" na kumwacha msomaji hajui ni ipi. Waziri wa zamani wa fedha wa Msumbiji, Manuel Chang, kwa mfano, alitiwa hatiani Brooklyn mwaka 2024. Hakuhusika na Manhattan.

Ukiidai serikali ya nchi nyingine

Kwa kawaida dola ya kigeni haishtakiwi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1976 inatamka hivyo, kisha inaorodhesha mambo yanayoondoa kinga, kama biashara, au dola kukubali yenyewe kushtakiwa. Mwaka 1996 uliongezwa ugaidi, kwa nchi zilizotangazwa na Marekani kuwa zinaufadhili, na 2008 kifungu hicho kikapewa nguvu zaidi. Sheria inatoa nafasi ya kufungua kesi ya namna hiyo Washington. Unaweza kwenda wilaya nyingine ikiwa sehemu kubwa ya tukio ilitokea huko, na Nairobi haimo katika wilaya yoyote ya Marekani.

Hivyo ndivyo Sudan ilivyofikishwa Washington kuanzia 2001. Oktoba 2010 Jaji John Bates alisikiliza ushahidi, na Novemba 2011 akaamua kwamba Sudan na Iran ziliisaidia al-Qaeda kufanya mashambulizi yale. Mwaka 2014 zikatoka hukumu za fidia zilizozidi dola bilioni 10, kati yake takriban bilioni 4.3 zikiwa fidia ya adhabu. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliiondoa ile ya adhabu. Tarehe 18 Mei 2020 Mahakama ya Juu ikaifungulia tena njia, majaji wote walioshiriki wakikubaliana. Miezi michache baadaye Sudan na Marekani zikamaliza suala kwa makubaliano ya dola milioni 335, na Desemba 2020 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuirudishia Sudan kinga yake. Miaka kumi na tisa imekwisha, hukumu ya mabilioni imegeuka mamilioni, na mgao wenyewe ukatofautisha raia wa Marekani na wasio raia.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya kiasi cha fedha. Kifungu kile cha ugaidi kinamruhusu kudai raia wa Marekani, askari wake, au mtu aliyekuwa kazini kwa ajili ya serikali yake, pamoja na familia za hao. Mkenya aliyekuwa mfanyakazi wa ubalozi aliingia. Mkenya aliyekuwa Ufundi House, jengo la jirani lililoporomoka, au aliyekuwa ndani ya basi barabarani, hakuingia. Na hao ndio waliokuwa wengi. Wamarekani waliokufa siku ile walikuwa 12.

Je, wangeenda Manhattan wangepokewa? Hapana. Kizuizi hicho kimo ndani ya sheria yenyewe, kwa hiyo kinakufuata mji wowote utakaofungua kesi. Ndiyo maana nawasihi watu wasianze kwa kuuliza jaji gani ni mwema. Waanze kwa kuuliza kama sheria inawataja.

New York inabaki na nafasi yake pale dola ya kigeni inapofanya biashara. Argentina iliburutwa miaka mingi mbele ya Jaji Thomas Griesa wa Manhattan kwa sababu hati zake za mkopo zilisema sheria ya New York ndiyo itakayotumika na mahakama za huko ndizo zitakazoamua. Ukiwa na mkataba wenye kifungu kama hicho, usihangaike na Washington.

Ukiidai serikali ya Marekani

Maelfu ya Wakenya walijaribu. Waliishtaki serikali ya Marekani mjini Washington, wakidai ilizembea kuulinda ubalozi wake Nairobi. Mwaka 2002 kesi ikatupwa, na rufaa ikashindwa 2003. Majaji walisema namna ya kulinda ubalozi ni uamuzi ulioachiwa busara ya serikali, na sheria inayoruhusu serikali kudaiwa kwa uzembe haigusi maamuzi ya aina hiyo. Walinzi wa getini nao walikuwa wa kampuni ya kandarasi, kwa hiyo uzembe wao haukuhesabiwa kuwa wa serikali. Sheria hiyo pia ina kifungu kinachozuia madai yanayotokana na mambo yaliyotokea nje ya Marekani, kwa hiyo mtu yeyote wa Afrika Mashariki aliyeumizwa na uzembe wa ofisi ya Marekani huku kwetu ana mlima mrefu.

Aliyeumizwa ndani ya Marekani ana njia nyepesi zaidi. Anaweza kufungua kesi wilaya anayoishi au palipotokea tukio. Mkazi wa Bronx aliyegongwa na gari la posta mtaani kwake anakwenda Manhattan. Ila kwanza lazima apeleke dai la maandishi kwa ofisi husika ndani ya miaka miwili. Ukiruka hatua hiyo, jaji ataifuta kesi kabla ya kusoma habari ya mguu wako.

Viza ndizo zinazowagusa wengi. Waombaji wanaosubiri miaka kwenye balozi za Nairobi, Kampala au Dar wamezoea kuambiwa wafungue kesi Washington, kwa kuwa makao ya Wizara ya Mambo ya Nje yako hapo, na kisheria hilo ni sawa. Lakini tahadhari. Mahakama haziingilii kukataliwa kwa viza ila kwa nadra sana, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilikaza msimamo huo. Mwaka huohuo mahakama ya rufaa ya Washington ilitoa maamuzi mawili mazito. Moja lilisema kwamba ombi lililokwisha kukataliwa, hata kama limewekwa kwenye uchunguzi zaidi, halimpi mwombaji haki iliyo wazi ya kudai uamuzi mwingine. La pili lilihusu bahati nasibu ya green card: majaji walisema mahakama haiwezi kuamuru viza zitolewe baada ya mwaka wa fedha kufungwa tarehe 30 Septemba. Mshindi wa bahati nasibu anayeona mwezi wa saba unakatika hajaitwa kwenye usaili amwone wakili sasa. Oktoba ni kuchelewa. Na kama mfadhili wa ombi la kifamilia anaishi Manhattan au Westchester, wakili anaweza kupima kama afadhali kesi ifunguliwe huko, iwe chini ya mahakama nyingine ya rufaa.

Uraia ni habari nyingine. Umefanya usaili, siku 120 zimepita bila jibu: sheria inakuruhusu kwenda mahakama ya shirikisho ya wilaya unayoishi. Mkazi wa Bronx atakwenda Manhattan, wa Queens atakwenda Brooklyn, na wote wawili Washington haiwahusu. Aliyezuiliwa na maofisa wa uhamiaji naye hupinga kuzuiliwa kwake katika wilaya alikofungwa, hata kama nyumba yake iko kwingine. Mahakama ya Juu ilirudia hilo Aprili 2025 katika kesi iliyokuwa imefunguliwa Washington ilhali wazuiliwa walikuwa Texas. Na ieleweke kwamba kesi za kufukuzwa nchini husikilizwa na majaji wa uhamiaji walio chini ya Wizara ya Sheria, nje kabisa ya mahakama hizi mbili.

Kwa mwandishi wa habari au mtafiti anayetafuta nyaraka za serikali ya Marekani chini ya sheria ya uhuru wa habari, Washington ndiyo kimbilio. Mwombaji huruhusiwa kufungua kesi anapoishi, nyaraka zilipo, au Washington. Aliyeko Mombasa hana wilaya ya kuishi Marekani, kwa hiyo ya tatu ndiyo yake, na majaji wa huko wanazijua kesi hizi kwa kina.

Ukiidai kampuni

Hapa zamani New York iling'aa. Kwa miaka mingi wageni waliowashtaki wakubwa kwa ukatili uliotendwa nje ya Marekani waliikimbilia, wakitegemea kifungu cha tangu 1789. Kesi ya Wanigeria dhidi ya kampuni ya mafuta ya Royal Dutch Petroleum ilianzia Manhattan 2002, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kifungu hicho hakifiki kwenye matendo yaliyofanyika nchi nyingine. Tangu hapo njia hiyo imekuwa nyembamba mno.

Familia za Kongo zilijaribu njia nyingine. Desemba 2019 zilizishtaki Apple, Microsoft, Dell, Tesla na kampuni mama ya Google mjini Washington, kwa ajili ya watoto waliouawa au kulemazwa katika uchimbaji wa kobalti. Sheria waliyotumia ni ya kuzuia biashara haramu ya binadamu. Mwaka 2021 kesi ilitupwa, na Machi 2024 mahakama ya rufaa ikakubaliana na uamuzi huo: kununua kobalti kupitia mnyororo wa wauzaji, ilisema, hakutoshi kuifanya kampuni mshirika katika kazi ya kulazimishwa. Naamini uamuzi huo umeziacha familia hizo bila mahali pa kulilia. Hata hivyo jambo moja walilishinda: majaji wa rufaa walikubali kwamba wana haki ya kusimama mbele ya mahakama kudai fidia.

Kwa madai ya kawaida ya biashara, New York ndiyo chaguo langu bila kusita. Lakini angalia uraia wa pande zote. Mgeni anaweza kumdai Mmarekani katika mahakama ya shirikisho ikiwa dai linazidi dola 75,000. Mgeni dhidi ya mgeni hawezi kwa njia hiyo: Mtanzania na kampuni ya Kenya wakigombana, mahakama itawarudisha. Na mwenye green card anayeishi New York hahesabiwi mgeni anapomshtaki raia wa New York. Watu wengi wamelipa ada bure kwa kutolijua hili.

Jinai

Sheria inasema kosa lililotendwa nje ya wilaya zote husikilizwa pale mshtakiwa anapokamatwa au anapofikishwa kwanza. Kwa hiyo ndege ya serikali ikitua New York, kesi ni ya New York. Waendesha mashtaka wa Manhattan walikuwa wameanza kumchunguza Osama bin Laden kabla ya Agosti 1998, ndiyo maana washtakiwa wa ubalozi walipelekwa kwao. Tarehe 29 Mei 2001 wanne walitiwa hatiani, akiwemo Khalfan Khamis Mohamed wa Zanzibar, aliyekamatwa Cape Town. Siku moja kabla, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikuwa imesema kumkabidhi bila ahadi kwamba hatauawa kulivunja katiba. Mwishowe alipata kifungo cha maisha.

Mzanzibari mwingine, Ahmed Khalfan Ghailani, alifikishwa Manhattan 2009 baada ya miaka mikononi mwa CIA na huko Guantanamo. Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi muhimu Mtanzania, kwa kuwa serikali ilimjua kupitia maneno ya mshtakiwa aliyehojiwa kwa mabavu. Novemba 2010 juri lilimwachia kwa mashtaka zaidi ya 280 na kumtia hatiani kwa moja. Lilitosha: kifungo cha maisha. Mahakama iliyothubutu kumtupa shahidi wa serikali katika kesi kama ile naiheshimu.

Ndugu Baktash na Ibrahim Akasha wa Mombasa, waliofikishwa huko Januari 2017 kwa dawa za kulevya, walikiri na kupewa miaka 25 na 23. Patrick Ho, aliyewahi kuwa ofisa wa juu wa serikali ya Hong Kong, alihukumiwa Manhattan kwa mpango wa hongo kwa viongozi wa Chad na Uganda. Dola zinazotumwa duniani hupita kwenye benki za New York, na mara nyingi hilo linatosha kuwapa waendesha mashtaka wa Manhattan mamlaka.

Gharama, lugha na kufuatilia

Ada ya kufungua kesi ya madai ni sawa kote, dola 405 tangu Desemba 2023, na asiye na uwezo anaweza kuomba asamehewe. Hati zote ni kwa Kiingereza. Mshtakiwa wa jinai asiyejua Kiingereza hupewa mkalimani kwa gharama ya mahakama. Mdai wa kesi ya madai kwa kawaida hujitafutia wake, kwa hiyo mwenye shahidi wa Kiswahili aweke fungu hilo kwenye bajeti mapema. Kampuni binafsi ikishapokea hati ina siku 21 za kujibu, serikali ya Marekani na dola ya kigeni zina siku 60. Ukiishtaki dola ya kigeni hutapata juri, jaji ndiye mwamuzi, na hata dola ikikataa kuja bado utatakiwa kuleta ushahidi unaomridhisha. Sudan iliposusa, ndicho kilichotokea.

Anayetaka kufuatilia kesi akiwa Arusha au Muscat hana haja ya kusafiri. Mfumo wa mtandaoni wa PACER hutoa hati za mahakama zote mbili kwa senti 10 kwa ukurasa, isiyozidi dola 3 kwa hati moja, na ukitumia dola 30 au pungufu ndani ya robo mwaka hulipi chochote. Soma kwanza hati ya madai na ombi la mdaiwa la kutaka kesi ifutwe. Humo ndimo utakuta kama mahakama ina mamlaka au haina.